Gari Linapochemsha, Uliza Kabla ya Kufungua

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mwenye gari, kila dereva na hata kila abiria wa basi analifahamu kwa macho, lakini ni wachache wanaolifahamu kwa undani. Jambo lenyewe ni gari kuchemsha.

Sote tumekwisha kuliona. Gari limesimama kando ya barabara, boneti iko juu, mvuke mweupe unafuka, na watu sita wamelizunguka. Wa kwanza anasema ni rejeta. Wa pili anasema ni pampu ya maji. Wa tatu, ambaye hata leseni hana, anasema kwa uhakika kabisa kwamba gasketi imeungua. Utingo anakuja mbio na ndoo ya maji. Na dereva, ambaye ndiye peke yake anayejua gari lilianza kuchemsha wakati gani na likiwa katika hali gani, hakuna hata mmoja aliyemwuliza.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Kuchemsha si ugonjwa. Kuchemsha ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Mtu akienda zahanati ana homa, mganga anayeijua kazi yake hampi dawa ya malaria kabla ya kumwuliza maswali na kumpima damu, kwa sababu homa yaweza kuletwa na malaria, na yaweza pia kuletwa na kidonda cha mguuni. Lakini gari likipata homa, sisi hukimbilia kulipasua. Tunashika spana kabla ya kuuliza. Matokeo yake ni kwamba watu wananunua spea wasizozihitaji, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale ukiwasubiri barabarani.

Kwanza tuelewane juu ya kazi inayofanyika ndani ya injini. Petroli au dizeli inapoungua katika silinda, si nguvu yake yote inayokwenda kusukuma magurudumu. Kwa kadiri, theluthi moja tu ndiyo inayogeuka kuwa mwendo. Theluthi nyingine hutoka na moshi katika bomba la eksozi. Theluthi inayobaki huingia katika chuma cha injini, na hiyo ndiyo inayopaswa kuondolewa na maji. Kwa hiyo ile rejeta iliyo mbele ya gari lako hutupa hewani joto linalokaribia kulingana na nguvu yote inayoliendesha gari. Kazi hiyo ikisimama hata kwa dakika chache, joto halina pa kwenda.

Safari ya maji ni nyepesi kuielewa. Pampu huyasukuma yazunguke kwenye silinda na kwenye hedi, ambako hupokea joto. Kutoka hapo hupanda kwenye rejeta kwa mpira wa juu, hupoozwa na upepo wa mwendo au wa feni, kisha hurudi kwenye injini kwa mpira wa chini. Katika njia hiyo kuna kilango kidogo kiitwacho themostati, ambacho hufungwa injini ikiwa baridi na kufunguka ikiwa imepata moto. Na juu kabisa kuna kifuniko cha rejeta.

Wengi wetu hudhani kifuniko hicho ni kama kifuniko cha birika, kwamba kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. La hasha. Kazi yake kubwa ni kuyabana maji. Maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Pale Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi joto 100. Ukipanda hadi Mbeya, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji hayohayo huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, na ndiyo maana maharage ya nyanda za juu huchukua muda mrefu zaidi kuiva. Sasa soma juu ya kifuniko cha gari la Kijapani. Mara nyingi utaona imeandikwa 0.9 au 1.1. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima, maji yaliyomo hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mpira wake mdogo wa ndani ukipasuka, ulinzi huo wote umepotea, na gari lililokuwa likipanda milima bila taabu linaanza kuchemsha. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine chini ya boneti. Ni watu wangapi wamebadilishiwa rejeta nzima wakati ugonjwa ulikuwa kifuniko?

Lakini hapo hapo ndipo ilipo hatari ya kwanza, na naomba tuisikilize kwa makini maana inahusu uhai wa watu. Ukifungua kifuniko injini ikiwa ya moto, unaondoa ule mbano ghafla. Maji yaliyokuwa na nyuzi 110 bila kuchemka, huchemka yote kwa mara moja. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Nafasi hiyo haipo ndani ya rejeta, kwa hiyo mvuke na maji ya moto hutoka kwa nguvu kupitia pale ulipo mkono wako, na juu ya hapo uko uso wako. Kitambaa hakitoshi kukukinga. Na aghalabu anayetumwa kufungua si mwenye gari, wala si dereva. Ni utingo, kijana wa watu, anayeogopa kumwambia bosi wake kwamba ngoja kwanza. Wenye magari, msiwatume watoto wa wenzenu mahali ambapo ninyi wenyewe hamthubutu kutia mkono.

Basi mshale wa joto ukianza kupanda, fanya hivi. Zima kiyoyozi. Washa hita ya gari hadi mwisho na ufungue madirisha. Utapata joto wewe, lakini injini itapata nafuu, kwa kuwa hita ni kama rejeta ndogo ya pili. Punguza mwendo na mzigo wa injini. Mshale ukifika kwenye alama nyekundu, au ukiona mvuke, tafuta mahali pa salama, simama, weka pembetatu zako, zima injini. Kisha subiri. Nusu saa ni kidogo. Zaidi ni bora. Usitie mkono karibu na feni, kwa sababu feni ya umeme yaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Na usiimwagie injini maji ya baridi. Hedi nyingi za siku hizi ni za alumini, na alumini hutanuka na kusinyaa kiasi cha mara mbili ya chuma. Ukiimwagia maji ya baridi ikiwa na moto mkali, hujipinda au hupasuka. Ndoo moja ya maji imegeuza tatizo la mpira wa maji kuwa tatizo la injini nzima.

Kuna jambo jingine ambalo limewaponza madereva wengi waangalifu. Mshale wa joto husoma maji. Maji yakiisha kabisa, kile kihisio hubaki kwenye hewa, na mshale waweza kushuka ukakwambia kwamba mambo ni shwari, huku injini inaungua. Kwa hiyo mshale ukipanda halafu ukashuka ghafla wakati gari limepoteza nguvu, usishukuru. Simama.

Ndugu wasikilizaji, sasa tuje kwenye maswali. Maswali haya hayana gharama yoyote, na mtu yeyote anaweza kujiuliza kabla ya kumwita fundi.

Swali la kwanza: maji yapo? Hili huulizwa asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua kifuniko cha rejeta utazame ndani. Usitosheke na kutazama ile chupa ya plastiki ya akiba, kwani yaweza kuwa na maji wakati rejeta imekauka, hasa kifuniko kikiwa kibovu na kushindwa kuyavuta maji kutoka kwenye chupa. Magari mengine hayana kifuniko kwenye rejeta, na hapo chupa yenyewe ndiyo yenye mbano.

Swali la pili: kama maji yamepungua, yamekwenda wapi? Maji hayapotei kimiujiza. Ama yamevuja nje, ama yamevujia ndani. Tandika boksi kavu chini ya injini usiku, na asubuhi utasoma habari. Tone lililoko mbele ni la rejeta au mpira wake. Tone lililoko upande wa mikanda huenda ni la pampu. Pampu ina kijitundu chini yake, na kikianza kutoa machozi inakutaarifu kwamba sili yake imechoka. Tazama pia alama za ukoko mweupe au wa rangi ya dawa ya rejeta kwenye maungio ya mipira. Zulia la mbele upande wa abiria likiwa limelowa na kunuka utamu, ni hita inayovuja ndani ya gari.

Swali la tatu, na kwangu hili ndilo mama wa maswali yote: linachemsha wakati gani?

Kama linachemsha kwenye foleni, likiwa limesimama au likitambaa, lakini likipata barabara ya wazi linapoa, shuku feni. Gari likienda kasi, upepo wa barabarani huifanya kazi ya feni. Likisimama, feni ndiyo tegemeo pekee. Washa kiyoyozi na utazame. Katika magari mengi feni inapaswa kuanza kuzunguka. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei, kisha waya na plagi yake, na mwisho kabisa ndiyo feni yenyewe. Kwa magari ambayo feni yake inazungushwa na injini, tazama mkanda kama umelegea au unang'aa kwa kuteleza.

Kama hali ni kinyume chake, yaani kwenye foleni linatulia lakini kwenye mwendo mkali au mlimani linachemsha, feni haina kosa. Hapo joto linazalishwa kwa wingi kuliko rejeta inavyoweza kulitupa. Shuku rejeta iliyoziba. Kuziba kuko kwa aina mbili. Kuna kuziba kwa nje, kwa matope, nyasi na wadudu walionasa kwenye vijibati vyake vyembamba. Uchafu huu hupenda kujificha kati ya rejeta na ile rejeta ndogo ya kiyoyozi iliyo mbele yake, mahali ambapo jicho halifiki. Na kuna kuziba kwa ndani, kwa kutu na ukoko wa chumvi. Tazama vilevile mpira wa chini. Ukiwa umelainika kwa uzee, pampu huufyonza ukabanana injini inapokwenda kwa kasi, na maji hayapiti. Injini ikishuka kasi unarudi katika hali yake, na fundi akiutazama akiwa amesimama haoni kitu.

Chukua mfano wa basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Likipita Morogoro na Mikumi halina neno. Likishaipita Ruaha Mbuyuni linaukabili mlima wa Kitonga. Pale injini inafanya kazi yake kubwa kuliko zote za safari nzima, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba upepo wa barabarani haupo. Rejeta iliyoziba robo yake yaweza kuwa imelificha gonjwa hilo tangu Dar es Salaam, Kitonga hailifichi. Kwa hiyo haifai kusema kwamba mlima umeliharibu gari. Mlima umelipima tu. Dereva mzoefu hupunguza gia mapema, ili injini izunguke vizuri, nayo pampu na feni zizunguke pamoja nayo, badala ya kuing'ang'aniza gia nzito mpaka injini inagugumia. Akifika juu hazimi injini papo hapo, bali huiacha ingurume taratibu kwa dakika mbili tatu ili maji yaendelee kuzunguka. Na mwenye gari asiyetaka kusikia habari za uzito, anayepakia lumbesa juu ya lumbesa, asimlaumu fundi. Kila gunia la ziada ni moto wa ziada.

Tuendelee na swali hilohilo. Kama gari linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, hata kabla ya kwenda mbali, shuku themostati iliyokwama ikiwa imefungwa. Dalili yake ni kwamba mpira mmoja wa rejeta una moto mkali na mwingine ni baridi, wakati mshale umekwisha kupanda. Pampu iliyokwisha mapezi yake nayo huleta hali ya namna hiyo.

Swali la nne: gari hili lilifunguliwa lini mara ya mwisho, na lilifanywa nini? Ikiwa limeanza kuchemsha mara baada ya kubadilishiwa maji, rejeta au mpira, huenda hewa imebaki ndani. Hewa ikijikusanya kwenye hedi, mahali hapo panakuwa kama sufuria kavu juu ya moto. Dawa yake si spea. Dawa yake ni kulijaza gari maji polepole, sehemu ya mbele ikiwa imeinuliwa na hita imewashwa, mpaka mapovu yaishe.

Maswali haya manne yakijibiwa, ndipo tunapoweza kuizungumzia gasketi ya hedi. Naiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu katika gereji nyingi ndiyo hutajwa kwanza, nayo ndiyo kazi ya gharama. Gasketi iliyoungua ina ushahidi wake. Washa gari asubuhi likiwa baridi: mpira wa juu ukikakamaa kama jiwe katika dakika moja au mbili, kabla hata maji hayajapata moto, maana yake ni kwamba moto wa silinda unaingia kwenye maji. Mapovu yasiyokwisha kwenye mdomo wa rejeta yanasema hivyohivyo. Moshi mweupe mzito wenye harufu ya utamu, usiokoma hata injini ikishapata moto, ni maji yanayoungua. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Injini inayotetemeka kwa silinda moja kila asubuhi kisha ikatulia, ni silinda iliyolala na maji. Fundi akikwambia gasketi, mwulize kwa heshima: ndugu yangu, ushahidi ni upi kati ya hiyo? Akikuonyesha, mpe kazi. Na akifungua, hedi ikapimwe unyoofu wake kabla ya kurudishwa. Gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda ni sawa na kupaka chokaa ukuta uliopasuka.

Lakini tusisahau kwamba mara nyingi gasketi huungua kwa sababu gari lilichemsha. Haikuwa yenyewe iliyoanza. Ukibadilisha gasketi bila kujua kwa nini gari lilichemsha mara ya kwanza, umeinunulia feni mbovu gasketi ya pili ya kuunguza.

Sasa nataka nizungumze juu ya desturi moja ambayo imeenea mno katika nchi yetu, nayo ni desturi ya kuing'oa themostati na kuitupa. Hoja ya wanaofanya hivyo ni kwamba kifaa kile kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi, na sisi huku kwetu kuna joto la kutosha. Hoja hiyo tuipime. Themostati nyingi za magari ya Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82. Joto la mchana pale Dar es Salaam ni nyuzi 32 au zaidi kidogo. Kati ya 32 na 82 pana tofauti ya nyuzi 50. Kwa injini, hata Dar es Salaam ni nchi ya baridi.

Isitoshe, katika injini nyingi themostati ina kazi mbili. Inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, inafunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi. Sehemu ya maji ya moto inazunguka mlemle bila kupita kwenye rejeta, na gari ulilotaka kulipoza linaweza kuchemsha zaidi siku ya mlima. Na siku za kawaida injini inakwenda ikiwa baridi kupita kiasi: kompyuta yake inadhani bado ni asubuhi, inaongeza petroli, oili haipati moto wa kukausha unyevu, silinda zinalika. Mwenye gari anashangaa kwa nini mafuta yanakwisha haraka, wala hakumbuki kwamba mwaka jana aliambiwa themostati ni takataka.

Kama unaishuku, huna haja ya kuitupa. Itie kwenye sufuria ya maji uliyoitenga kwa kazi hiyo, uitundike kwa uzi isiguse chini, ubandike jikoni. Ndani yake mna nta inayoyeyuka na kutanuka kwa joto. Kabla maji hayajachemka utaiona ikifunguka. Ukiitoa itajifunga. Ikifanya hivyo, ni nzima, irudishe kazini. Isipofunguka, nunua nyingine yenye namba ileile ya joto. Mlinzi akilala tunaajiri mlinzi mwingine, hatuondoi lango.

Jambo la mwisho ni maji yenyewe. Wengi hujaza chochote kilicho karibu, na kwa wakazi wa pwani hicho mara nyingi ni maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi huacha ukoko kwenye njia nyembamba za rejeta na kuitafuna alumini ya hedi. Dawa ya rejeta, ambayo mafundi huiita kulanti, nayo imesingiziwa kama themostati ilivyosingiziwa, kwamba ni ya wazungu wenye barafu. Kweli inazuia kuganda, lakini pia inazuia kutu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi huchelewesha kuchemka hadi kiasi cha nyuzi 107, hata kabla ya msaada wa kifuniko. Asiyeweza kuinunua leo, basi akinge maji ya mvua yaliyo safi, na ajue kwamba kutu inamsubiri. Ila tahadhari: aina nyingi za dawa hiyo ni sumu, nayo ina ladha ya utamu. Usiiache kwenye chupa ya soda mahali penye watoto, wala usiimwage uani wanapokunywa kuku na mbwa.

Na wale wanaoziba tundu la rejeta kwa ute wa yai au kwa pilipili ya unga, nawaelewa. Porini usiku, mtu hufanya awezalo afike nyumbani. Lakini akishafika, asilale akidhani amepona. Kile kilichoziba tundu huendelea na safari, kikazibe na njia za maji.

Ndugu wasikilizaji, sikusudii kuwagombanisha wenye magari na mafundi. Mafundi wengi wa chini ya mwembe wamelibeba taifa hili mabegani kwa spana chache na akili nyingi. Lakini hebu tuseme kweli: mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaowafundisha kubahatisha. Tunafika gereji na haraka, tunasema fanya liondoke, kesho nina safari. Hatumpi fundi nafasi ya kuuliza, wala hatumlipi kwa kufikiri. Tunamlipa kwa kufungua tu. Naye anafungua. Fundi akitumia saa nzima kulichunguza gari kisha akasema ni fyuzi, tunamwona ametuibia muda. Akitoa injini nzima chini, tunamwona ni bingwa. Tumlipe fundi kwa saa aliyotumia kuupata ugonjwa, hata kama dawa yake ilikuwa ya bei ya fyuzi. Tutaokoa fedha nyingi zaidi.

Daladala moja, au teksi moja, huenda ni mkopo wa familia nzima. Ni karo ya watoto, ni dawa ya mzee aliyeko kijijini. Injini ikifa, havifi vyuma peke yake. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi, fungua boneti, tazama maji, minya mipira, bonyeza mkanda kwa kidole gumba, kisha andika kwenye daftari umeongeza maji kiasi gani na lini. Gari linaloongezewa maji kila siku linalalamika, na daftari ndilo litakaloonyesha kama malalamiko yanapungua au yanazidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa injini ni ghali.